Barua ya mheshimiwa haikupeleki Lanet

Mimi nina saiba hapa Lamu, Langoni, kwenye kichochoro kinachoshuka kutoka Usita wa Mui kwenda pwani. Kazi yangu ni kuchapa, kuskani na kuwajazia watu fomu: eCitizen, KRA, HELB, chochote. Tangazo la jeshi likitoka, kibanda hufurika vijana wa Faza, Kizingitini, Hindi mpaka Mpeketoni, na wazazi wao wamesimama mlangoni. Zamani swali la kwanza lilikuwa ni karatasi gani zinazotakiwa. Siku hizi naulizwa, "Bi, nani wa kuniteua?"

Najua swali hilo limetoka wapi. Kijana ameona video ya mtoto wa Kimarekani aliyeshika barua ya mbunge wake, familia inalia, jirani wanapiga makofi, mtoto anakwenda West Point, chuo cha kusomea uafisa wa jeshi. Naye anahesabu: mbunge tunaye, seneta tunaye, mwakilishi wa wanawake tunaye, basi kwa nini nisiandikiwe? Anakwenda kushinda kwenye ofisi ya mheshimiwa, asubuhi mpaka Adhuhuri, huku dirisha la maombi linafungwa.

Video haisemi uongo. Kwa Wamarekani, uteuzi ni sheria. Chuo cha jeshi la nchi kavu cha West Point, cha wanamaji cha Annapolis, cha wanahewa kule Colorado Springs na cha mabaharia wa meli za biashara cha Kings Point, vyote humtaka mwombaji awe ameteuliwa, na wateuzi wakubwa ni maseneta na wabunge wa eneo anakotoka. Kwa vile vitatu vya kwanza, mbunge mmoja hawezi kuwa na zaidi ya wanafunzi 5 kwa wakati mmoja katika kila chuo, na ndiyo maana huwashindanisha vijana wake kwa alama, insha na mahojiano kabla ya kuandika jina lolote. Hata huko, chuo cha walinzi wa pwani cha New London hakitaki uteuzi wa mtu yeyote.

Kenya mbunge hana mamlaka hayo. Soma masharti ya tangazo la kadeti, yaani wanaokwenda kusomea uafisa Lanet, kutoka juu mpaka chini, barua ya mbunge haimo. Barua ya chifu ina kazi yake unapotafuta kitambulisho, na hapo inakomea. Kwa hivyo ule muda wa kumfuata mheshimiwa, ulete hapa mezani tuangalie karatasi zako.

Kwanza ujue unaomba nini, maana watu huchanganya mambo mawili. Kuruti ni yule anayekwenda mwenyewe uwanjani siku iliyotangazwa, na vyeti vyake mkononi, anakimbia, anapimwa, na akichukuliwa anapelekwa Eldoret. Kadeti ni yule anayekwenda kusomea uafisa katika Kenya Military Academy, Lanet, Nakuru, na siku ya mwisho Rais humpa kamisheni, yaani humfanya afisa, kwenye gwaride. Kadeti haanzii uwanjani. Anaanzia kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi, mod.go.ke, anajaza maombi, anasubiri kuitwa. Nimeona kijana mwenye B+ akingoja kwa subira siku ya uwanja wa kuruti, kumbe alichostahili kuomba kilishafungwa zamani. Tangazo hutoka kwenye tovuti hiyo na magazeti makubwa. Halikai wazi muda mrefu, na halina mwezi wake wa kuzoeleka, basi zoea kuchungulia.

Masharti ninayoyaona kwenye matangazo ya kadeti wa kawaida ni haya. Uwe raia wa Kenya mwenye kitambulisho. Umri ni kati ya miaka 18 na 26. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, iwe wastani wa B kamili, si B ya kutoa, na upate C+ au zaidi katika Hisabati, Kiingereza na sayansi. Mwanamume awe na urefu wa futi 5 na inchi 3, mwanamke futi 5. Uzani usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Usiwe na rekodi ya uhalifu, na mwanamke asiwe mjamzito. Kila tangazo lisome upya, kwa sababu lile lililo mbele yako ndilo linalokuhukumu, si la mwaka wa kaka yako.

Ukiangalia vizuri utaona mengi ya hayo hayarekebishiki wiki ya tangazo. Alama ziliamuliwa miaka nyuma. Mzazi mwenye mtoto anayekaribia kuchagua masomo ya sekondari ndiye hasa ninayetaka kusema naye: mwanao anapochagua masomo, asiiache Fizikia kwa sababu mwalimu ni mkali au marafiki wote wameikimbia. Wasichana wetu huiacha sana. Wakifika kwangu baadaye na B nzuri ya Historia, Kiswahili na Dini, sina la kuwafanyia. Kuhusu uzani, vijana wetu wengi ni wembamba wa asili, na kilo 54 na nusu ni mtihani kwao. Huo dawa yake ni miezi ya kula vizuri: mkate wa mofa, maharage ya nazi, samaki, mayai. Kujaza tumbo maji asubuhi ya kupimwa hakusaidii. Utayatoa kwenye mbio.

Sasa tuje kwenye jambo linaloangusha watu wa Lamu kuliko mbio, nalo ni majina.

Panga vyeti vyako mezani: cha kuzaliwa, kitambulisho, KCSE, na barua ya kumaliza shule. Visome herufi kwa herufi. Cha kuzaliwa kinasema Athman. Cha KCSE kinasema Athuman. Kitambulisho kinasema Othman. Wote ni wewe, na hapa mtaani hakuna anayeshangaa, lakini afisa anayepanga mafaili Nairobi hakujui wala hamjui babako. Mohamed ana namna nyingi za kuandikwa. Khadija anakuwa Hadija, Swaleh anakuwa Saleh, na jina la babu linaingia kwenye cheti kimoja likatoweka kwenye kingine. Sababu inaeleweka: karani aliandika alichosikia, mwalimu mkuu aliandika alichosikia wakati wa kusajili mtihani, na mzazi hakuombwa kuhakiki. Ukiwa na mdogo wako anayesajiliwa mtihani mwaka huu, nenda shule ukasome jina lake kwenye orodha kabla halijapelekwa KNEC, baraza la mitihani.

Aliyekwisha haribikiwa afanye hivi. Angalia ni vyeti vipi viwili vinavyokubaliana. Mara nyingi ni cha kuzaliwa na KCSE, na kitambulisho ndicho kilichopotoka. Hapo ni nafuu, kwa sababu kitambulisho hurekebishwa kwenye ofisi ya usajili hapa hapa kaunti. KCSE ikiwa ndiyo iliyopotoka, kazi ni ya KNEC na hupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS, na hao hawana haraka na mtu. Tofauti ikiwa ni herufi moja tu, wakili anaweza kukuandalia hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Hati hiyo inaeleza tofauti, haibadilishi jina. Anayetaka kubadilisha jina lenyewe ana safari nyingine ndefu zaidi. Vyovyote vile, hili ni jambo la kufanya mwaka ambao hakuna tangazo lolote, ukiwa umetulia.

Kitambulisho nacho usikingoje. Siku unayotimiza miaka 18, nenda. Watu wa Lamu Mashariki hawahitaji kuambiwa na mimi jinsi kinavyoweza kuchelewa, hasa ukitoka Kiunga au visiwani, ambako kila kwenda ofisini ni nauli ya boti na siku nzima. Ile karatasi ya kusubiri si kitambulisho. Wapo wanaokuja nayo wameikunja vizuri ndani ya plastiki, na moyo unaniuma, lakini fomu inataka nambari.

Na kama cheti chako cha KCSE kimelala kabatini shuleni kwa sababu ya deni la karo, nenda kakidai kwa adabu na mzazi wako. Wizara ya Elimu imekwisha sema mara kadhaa kwamba shule haina ruhusa ya kuzuilia cheti kwa ajili ya deni. Deni linabaki deni, mtalipana. Ukikataliwa, panda ofisi ya elimu ya kaunti.

Kwenye kujaza fomu sina mengi. Tumia anwani ya barua pepe yako mwenyewe, si ya saiba, si ya shemeji. Paswadi iandike kwenye daftari. Skani vyeti asilia viwe vimenyooka na vinasomeka. Picha ya cheti iliyopigwa usiku juu ya mkeka, na kivuli cha kidole, itakuponza. Usingoje siku ya mwisho, kwa kuwa Kenya nzima inaingia siku hiyo, na hapa kwetu umeme ukikatika mimi na wewe tutakaa tukitazamana.

Wakati unangoja kuitwa, kimbia. Bahati tuliyonayo ni Shela. Maji yakipwa, baada ya Alfajiri, mchanga wa ufuoni ni mgumu wa kutosha kukimbilia na mrefu kuliko pumzi zako. Ukikimbia kwenye mchanga laini juu, miguu itapata nguvu, lakini usikimbie huko kila siku, magoti yatalalamika. Ndani ya mji haiwezekani, punda wana haki ya njia kukushinda. Msichana anayeona haya kukimbia peke yake atafute wenzake wawili watatu, au amtoe kaka yake kitandani. Mama zetu wakiona ni kundi na wakati wenyewe ni asubuhi, maneno hupungua. Ramadhani punguza, jongea karibu na futari.

Meno pia. Waliokwenda wakarudi hunisimulia kwamba mdomo hufunguliwa na kutazamwa, kama vile miguu inavyotazamwa, macho, masikio, moyo, damu na mkojo. Jino bovu litibiwe mapema. Na mwenye kutafuna muguka aache, si kwa sababu ya jeshi peke yake.

Ukiitwa kwenye mchujo, huko ni Nairobi kwa kawaida, na mtu wa Lamu lazima ahesabu safari tofauti na mtu wa Thika. Boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, vizuizi vya njiani ambako kila abiria hutoa kitambulisho. Ondoka mapema ulale kwa jamaa. Vyeti asilia viwe kwenye begi unalolikumbatia, si lile la juu ya basi. Nakala wachie nyumbani.

Huko kuna mtihani wa kuandika, kuna kupimwa afya, na kuna jopo la maafisa wanaokuuliza maswali. Mtihani ni wa akili nyepesi na Kiingereza, basi soma magazeti kwa sauti. Jopo ndilo linalowatisha vijana wetu, wengine hunyamaza kwa adabu waliyolelewa nayo, kutomtazama mkubwa usoni. Adabu hiyo ni nzuri nyumbani. Mbele ya jopo mtazame aliyekuuliza, jibu kwa kifupi, malizia kwa "Sir" au "Madam". Jua nchi yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 241, ndiyo inayounda Majeshi ya Ulinzi: nchi kavu, wanahewa na wanamaji. Kifungu hicho hicho kinataka uongozi wa majeshi uakisi maeneo na makabila ya Kenya. Jua kwamba majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, maana wewe unatoka kaunti inayopakana nayo na ukisema hujui utachekwa. Jua kwamba Jenerali Samson Mwathethe, mtu wa Kilifi, aliongoza Jeshi la Wanamaji kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 2015 hadi 2020. Na binti yeyote wa Kiislamu anayeambiwa jeshi si mahali pake, mwambie huyo msemaji habari za Fatuma Gaiti Ahmed, aliyejiunga na jeshi 1983, akawa meja jenerali wa kwanza mwanamke, na Mei 2024 akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa lote.

Swali la kwa nini unataka kuwa afisa, usilikariri. Kijana mmoja wa visiwani aliniambia alijibu kwamba babake ni nahodha, na amekua akiona watu wazima wanamtii mtu mmoja kwa sababu anajua njia ya maji. Sikuwepo, lakini jibu hilo ningelipa alama.

Sasa pesa. Kuomba ni bure. Kuitwa ni bure. Hakuna "mtu wetu ndani". Kila mwaka wapo vijana wanaofika kwenye lango la kambi na barua za wito za bandia, na badala ya kuingia mafunzoni wanaingia selo. Sheria ya hongo ya 2016 humshika anayetoa na anayepokea, kwa hivyo mzee aliyeuza injini ya mashua ili mwanawe "asaidiwe" hana hata mahali pa kwenda kushtaki bila kujishtaki. Nimewahi kuletewa barua niichape upya kwa sababu muhuri ulitoka hafifu. Nilimwambia mwenye nayo aichukue aondoke nayo, na sikutaka hata kujua jina la aliyemuuzia. Barua ya wito yenye kukutaka utume pesa kwa M-Pesa kabla ya kuripoti, basi hiyo si barua.

Narudi kwa wale wa West Point, kwani najua bado mnasoma mkisubiri sehemu hii.

Mkenya anaweza kufika kule, na kuna waliofika. Vyuo vile huchukua wanafunzi wa nchi rafiki, wasiozidi 60 wa kigeni kwa wakati mmoja katika kila kimoja cha vile vitatu vikubwa. Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, nayo hupokea makadeti wa nchi nyingi. Lakini kwa mgeni, anayeteua ni serikali ya nchi yake. Mbunge wa Ohio hana habari na wewe, na wa Lamu hana kalamu ya kuandikia huko. Marekani hualika nchi, nchi hupeleka majina kupitia ubalozi wa Marekani, kisha chuo chenyewe huchuja tena: umri usiwe umevuka ukomo wa chuo kufikia Julai 1 ya mwaka wa kuingia, usiwe na mke wala mume, usiwe na mtoto wa kisheria wa kumlea, Kiingereza kiwe imara, mitihani yao ya alama na viungo uipite. Ukimaliza unarudi kulitumikia jeshi la nchi yako. Kwa kijana wa Kenya, njia ya busara ni kuingia kwenye mchujo wa kadeti wa hapa na kufanya vizuri hadi wakubwa wakuone. Anayetaka Sandhurst bila kwanza kuitaka Lanet ana kazi ngumu ya kujieleza mbele ya jopo.

Kuna familia chache hapa na Malindi ambazo mtoto alizaliwa Marekani, ana pasipoti ya huko, na analelewa na bibi yake. Huyo hesabu yake ni nyingine. Akiwa raia wa Marekani anaweza kuomba uteuzi wa seneta au mbunge wa mahali ambako wazazi wake wana makazi ya kisheria, na maombi hayo huanza mapema, mwaka mmoja kabla ya kuingia chuo, kwenye tovuti ya kila mbunge. Mwenye kadi ya kijani tu, ambaye hajapata uraia, bado hajafikia hapo.

Usipochukuliwa mara ya kwanza na umri bado uko chini ya 26, rudi tena. Ukiwa na shahada ya udaktari, uhandisi, sheria au taaluma nyingine inayotakiwa, jeshi pia hutangaza nafasi za maafisa wataalamu, ambazo ukomo wa umri wake ni mkubwa zaidi, na huchukua hata maimamu. Wanafunzi wetu wa dini hawaambiwi jambo hilo.

Ukishatuma maombi, chapa ile karatasi ya uthibitisho yenye nambari, mpe mama aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Laini ya simu uliyoandika iwe hai, usimwachie mdogo wako, usiiache ikafungwa kwa kukosa kutumika. Tangazo likitoka mimi hufungua mpaka baada ya Isha. Njoo na vyeti asilia, picha za WhatsApp siskani.